Twende Kilioni

"Inamisha kichwa, wifi. Umekaza shingo kama unapigwa picha ya cheti."

Wifi aliinamisha kichwa, lakini mdomo haukuinama. "Mjane hasuki," alisema akiwa ameelekea sakafuni. "Mjane anasukwa. Saa hizi ungekuwa umekaa mkekani huko nje unapewa pole, badala ya kunikwaruza mimi utosi."

"Nikikaa bure nitapiga kelele."

"Basi piga! Leo ndiyo siku yake. Kesho nani atakusikiliza?"

Msusi aligawa nywele kwa mkia wa kitana, akachora njia kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, akaanza mstari mwingine. Mistari ya msiba haina mapambo. Ni michache, minene, yote inarudi nyuma moja kwa moja, na inasukwa upesi ili mtu awahi kulia na wenzake. Wanawake wanaiita twende kilioni, na siku kama hiyo hakuna anayeulizwa anataka mtindo gani. Tangu alfajiri Msusi alikwishamaliza vichwa vya wanakwaya na vya majirani, na sasa alikuwa amefika kwenye kichwa cha dada wa marehemu, ambacho kilikuwa kigumu kuliko vyote, nje na ndani.

Marehemu alikuwa fundi bomba. Alikuwa pia mume wa Msusi, ingawa kwa miaka mingi ya mwisho hiyo ilikuwa habari ya kwenye cheti tu. Aliondoka siku moja na sanduku lake la spana, akasema anakwenda kuziba bomba ng'ambo ya reli, na bomba hilo likawa halizibiki. Mtaa ulimpa yule mwanamke aliyempokea jina la Wa Ng'ambo, wala hawakutaka kumjua kwa jingine. Msusi hakwenda kumtukana. Talaka hakuidai, na alipoletewa maneno juu ya mwanamke huyo aliyarudisha yalikotoka. Alibaki na pete yake, akasuka vichwa vya watu, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kila Jumapili sala ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea alishikwa na kikohozi. Wanakwaya walikizoea kikohozi hicho mpaka wakawa wanakiachia nafasi.

Sasa Fundi alikuwa amekufa, na ukoo wake ulikuwa umekaa ukakata shauri: atazikwa kutoka nyumbani kwa mke wa ndoa. Turubai lilifungwa uani kwa Msusi. Mikeka ilitandikwa. Gari la maiti lilikuwa njiani. Na tusidanganyane, machozi ya Msusi yalikuwa ya kweli, lakini chini yake kulikuwa na kitu kinachofanana sana na ushindi. Alinyang'anywa mbele ya mtaa mzima, na leo alikuwa anarudishiwa mbele ya mtaa ule ule. Mjane ni mmoja, naye ndiye. Hata kama alichorudishiwa kilikuwa ndani ya sanduku, kilikuwa chake, na alikuwa amekisubiri.

"Hodi."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la mlangoni. Majirani siku hiyo walikuwa wanaingia bila hodi, wakitafuta sufuria na vikombe kama kwao, kwa hiyo wote wawili waliinua macho. Pazia likasogea. Akaingia mwanamke mfupi, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, mkono wa kulia umo ndani ya plasta iliyoanza kuchafuka. Msusi alikuwa amemwona mara moja tu maishani, kwa mbali, sokoni, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwongezea urefu.

"Poleni na msiba," alisema Wa Ng'ambo.

Wifi aliruka kutoka kwenye kigoda. "Unatupa pole? Wewe? Umemla akiwa mzima, sasa umefuata mifupa?"

"Nimekuja kusukwa."

Wifi alimgeukia Msusi. Kusukwa pale, asubuhi ile, hakukuwa habari ya nywele. Mtaa mzima ulijua kwamba kichwa kilichosukwa na mkono wa nyumba ya msiba ni kichwa cha mfiwa, na mfiwa hakai nyuma kwenye mabenchi pamoja na wapita njia. Anakaa mkeka wa mbele, karibu na jeneza, na hakuna anayemwuliza yeye ni nani.

"Wasusi wameisha huko kwenu?" aliuliza Msusi. Sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyokusudia.

"Hawajaisha."

"Basi?"

Wa Ng'ambo akafungua kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nywele zake zilikuwa zimesukwa zamani kidogo. Zilikuwa zimeota chini, mistari imeinuka na kuanza kuchakaa, na hata ilipokuwa mipya haikuwa kazi ya mtu wa kusifiwa. "Zinatakiwa kufumuliwa," alisema. "Siwezi kwenda kumzika hivi. Na sitaki zifumuliwe na mtu asiyemjua."

"Kwa sababu ya mkono?"

"Mkono mmoja unatosha kufumua, dada. Moyo ndio umekataa."

Msusi aliinuka, akamsogelea kuangalia. Kazi humtangulia mtu. Macho yake yalikwenda kwenye mistari kabla hajayaruhusu. Mistari yote ilikuwa imelalia kushoto, kama majani yaliyopitiwa na maji. Kila mmoja ulianza kwa kifundo kilichofungwa kinyume, kikubwa kupita kiasi, kama cha mtu aliyeogopa uzi usimtoroke.

Alikifahamu kifundo kile. Yeye ndiye aliyekifundisha. Walipokuwa bado wachanga katika ndoa, maji ya moto yalimmwagikia Msusi mkononi, na wateja walikuwa wamekwisha kuahidiwa. Fundi alifunga mlango ili wanaume wenzake wasimwone, akakaa nyuma ya kichwa cha mtu na vidole vyake vya kukazia mabomba, naye mtu wa mkono wa kushoto, akasuka huku akielekezwa na mke wake. Walicheka mpaka mteja akatishia kuondoka. Mistari ilitoka imelala upande mmoja, na Msusi akasema, huyu nimempata peke yangu, hakuna mwenye mwanamume wa namna hii.

"Nani alikusuka?" aliuliza, ingawa hakuhitaji kuuliza.

"Yeye. Niliteleza na ndoo, yeye akiwa kitandani tayari. Akaniambia, kaa chini hapa karibu na godoro, mimi najua. Ilimchukua siku mbili, kwa sababu ya pumzi. Nilimwuliza umejifunzia wapi, akanyamaza." Wa Ng'ambo aliangalia vikopo vya mafuta vilivyopangwa rafuni. "Na mimi nikanyamaza. Nilijua ni wapi."

Wivu uliompanda Msusi ulikuwa mbichi, kana kwamba mume wake ameondoka asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo hata hili alilichukua. Spana alizichukua, na hili nalo akalibeba akaenda kulitumia ng'ambo. Yule mwanamume, Mungu amrehemu, alijua kupenda mikono ya watu ikishaungua au ikishavunjika tu. Mikono mizima hakujua aifanyie nini.

"Wifi," alisema Wifi, "mwambie atoke kabla sijamtoa mimi. La kuvunda halina ubani."

Msusi alifumba macho. Bwana, alisema moyoni, usinifanyie hivi, na tena mbele ya wifi yangu. Miaka yote nimekohoa umeniacha nikohoe. Kwa nini leo? Leo ambapo na mimi nina kitu?

Hakujibiwa. Kulikuwa na sauti za sufuria uani, na mtu akiuliza chumvi iko wapi. Alipofumbua macho yule mwanamke alikuwa bado amesimama pale pale, mfupi vile vile, kichwa wazi.

"Nipishe kigoda, wifi."

"Unasemaje?"

"Wewe umeshasimama. Nipishe akae."

"Sijamalizwa!"

"Nitakumalizia. Huyu kazi yake ni ya kufumua kwanza, itachukua muda."

Wifi alitazama kioo. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa na mistari safi ya kurudi nyuma. Upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama kila moja na shauri lake. Mtu mwingine angekaa chini kwa ajili ya hilo tu. Lakini Wifi alikuwa mwanamke wa msimamo, na msimamo wake haukujali nywele. "Sikiliza nikwambie," alisema. "Ukiugusa tu uchawi huo, nampigia simu kaka yangu mwingine aliyeko kwenye gari. Wageuze. Tukamzike kwetu, na wewe ubaki na turubai lako. Damu ni yetu. Wewe tulikuheshimu tu."

"Nimekusikia."

"Utanijua!"

"Nakujua, wifi. Ndiyo maana nimekuanzia upande wa kulia, ule unaopenda kuuonyesha watu."

Wifi akajifunga kitambaa juu ya nusu kichwa chake, akatoka, na pazia likabaki linacheza nyuma yake.

Wa Ng'ambo hakukaa. "Dada, wakimgeuza kweli?"

"Kaa."

Akakaa. Msusi akamvuta katikati ya magoti yake, kama avutavyo kila mteja, na joto la kichwa cha yule mwanamke likamfikia kupitia sketi. Hilo alikuwa hakulitegemea. Alichukua kitana akaanza kufumua, na nisiseme uongo: mstari wa kwanza aliufumua vibaya. Alivuta. Alivuta pale penye nywele changa za pembeni, panapouma, na alijua anachofanya, kwa maana hiyo ilikuwa kazi yake. Wa Ng'ambo aliibana plasta yake kwa mkono mzima, wala hakutoa sauti. Alikuwa amekuja akijua kwamba atavutwa.

Ukimya ule ndio uliomshinda Msusi. Angelia, angemvuta zaidi. Akaweka kitana chini, akachota mafuta, akayasugua viganjani mpaka yakapata moto, akaanza upya kwa vidole. Bwana aliagiza adui apendwe. Hakuna mahali alipoagiza kwamba apendwe kwa tabasamu. Basi uso wa Msusi ulibaki umekunjwa, na moyo wake ulibaki ulipo, lakini vidole vilikwenda taratibu, kifundo kwa kifundo, vikifungua kazi ya mwisho ya mume wake.

"Alikula?" aliuliza baada ya muda mrefu. "Siku za mwisho."

"Uji kidogo. Nikimkorogea sukari nyingi."

"Alipenda sukari kama mtoto."

"Kama mtoto," alisema Wa Ng'ambo, na hapo ndipo alipolia, kichwa kimeinama, machozi yakidondoka sakafuni katikati ya viatu vya Msusi. Msusi aliendelea kufumua. Na yeye alikuwa analia, lakini alikuwa nyuma, na faida ya kuwa nyuma ya kichwa cha mtu ni kwamba hakuoni.

Pazia likafunguliwa tena. Safari hii aliingia mzee wa kanisa, suti imebana, simu mkononi. Alikuwa mtu mwema, asiyependa ugomvi, na watu wa namna hiyo ndio wanaotumwa kupeleka maneno mabaya.

"Mama, poleni. Gari limesimama barabara kuu. Ukoo wanasubiri neno lako. Wanasema huyu binti akiondoka sasa hivi, wanaingia."

"Na asipoondoka?"

"Wanageuza." Alijipangusa shingo. "Na upande wa kanisa, mama, mnajua tuna utaratibu. Hakuwa na ndoa naye. Hatuwezi kumkalisha mbele, itaonekana kama tumebariki. Akitaka kuja, aje, lakini akae nyuma kabisa, asijulikane. Ni kwa heshima yako wewe. Sisi tunakutetea wewe."

Msusi alichomeka kitana katika nywele za Wa Ng'ambo ili apate mikono.

"Mzee wangu," alisema, "mimi ndiye niliyeolewa naye. Mimi ndiye niliyeachwa. Na mimi ndiye niliyefiwa. Katika hayo matatu kanisa lilikuja na kwaya siku ya kwanza, na leo limekuja tena. Pale katikati nilikaa hapa peke yangu, nikawasuka wake zenu, na hakuna aliyenitetea. Sasa nimejizoeza. Niache nijitetee."

"Mama, si vizuri kusema..."

"Sijamaliza. Nani aliyemwosha?"

Mzee alijipangusa shingo tena.

"Wakati amelala kule hawezi kugeuka, nani aliyemgeuza? Wifi yangu? Mimi? Mimi nilikuwa hapa nakohoa. Huyu alimwosha na akambebea maji mpaka akavunjika mkono. Kama hilo halina mahali mbele ya kanisa, basi niambie ni lipi lenye mahali, nilijue leo, niache kupanda na kushuka kule kila Jumapili."

"Kwa hiyo umemsamehe?" Mzee aliuliza kwa matumaini, kwa sababu neno hilo angeweza kulibeba akalipeleka.

"Bado," alisema Msusi. "Namsuka."

Mzee alisimama kidogo akiitazama simu yake kama inaweza kumshauri. Kisha akasema, polepole, "Nitawaambia hivyo," akatoka. Kwamba atawaambia vipi, na kwa sauti gani, hakuna aliyejua.

Nje nyimbo zilianza, zikaacha. Mtu alisema kwa nguvu kwamba jua linapanda na makaburini ni mbali. Msusi hakuongeza mwendo. Alifumua mpaka ukabaki mstari mmoja, ule wa katikati utosini, ambao ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Fundi alikuwa ameuanza vizuri, kisha pumzi ikamwishia, ukapinda, akaupumzikia, akauendeleza. Pale alipopumzika palionekana wazi.

Vidole vyake vilifika kwenye kifundo vikasimama.

"Huu nauacha," alisema.

Wa Ng'ambo aliinua mkono wa kushoto, akaupapasa. "Utaonekana, dada. Watu watajua si kazi yako."

"Watajua." Kwa msusi hilo si jambo dogo. Kichwa ni tangazo lake; kinapita mtaani kinamsema. Kesho wangesema amezeeka, macho yamekwenda, tazama mstari alioutoa siku ya msiba wa mume wake. "Waache waseme. Inamisha kichwa."

Akachora njia upande wa kulia na upande wa kushoto, akasuka mistari yake minene, iliyonyooka, akiupitia ule uliopinda bila kuugusa. Mara mbili vidole vyake vilitaka kuunyosha kwa mazoea, na mara mbili alivizuia. Alipomaliza alipangusa shingo ya yule mwanamke kwa taulo, akamkung'utia mabega. Hakumpa kioo.

"Haya, twende."

"Na gari?"

"Gari si langu. Kichwa ndicho kilichokuwa changu, nacho kimekwisha."

Walitoka pamoja. Jua lilikuwa kali baada ya giza la chumbani, na uani watu wote waliwageukia. Turubai lilikuwa limejaa. Mbele, pale penye meza mbili zilizosogezwa pamoja kusubiri jeneza, hapakuwa na kitu. Mzee wa kanisa alikuwa getini amewapa mgongo, simu sikioni, mkono mwingine ukizungumza hewani. Wifi alikuwa ameketi mkeka wa mbele katikati ya wanawake wa kwaya, kitambaa kimekazwa kichwani, na alipomwona nani anakuja alinyoosha miguu yake yote miwili mpaka ukingoni mwa mkeka.

Wa Ng'ambo akarudi nyuma hatua moja. Msusi alimshika mkono ule mzima. Kiganja chake kilikuwa bado kinateleza kwa mafuta, kwa hiyo ilimbidi amshike kwa nguvu.

Honi ililia barabarani, mara moja, kwa mbali. Hakuna aliyejua kama inakuja au inaaga.

Msusi hakugeuka kuitazama. Alitembea mpaka mbele akasimama ukingoni mwa mkeka, mbele ya miguu ya watu wote aliowasuka tangu alfajiri.

"Sogeeni," alisema. "Mfiwa anataka kukaa."

Wifi alitazama meza zilizo tupu kana kwamba zinamwambia jambo.

Kisha mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza, mwanamke mnene mwenye miguu inayovimba, alishika goti lake kwa mikono miwili, akalivuta, akakunja mguu. Akavuta na wa pili. Nafasi iliyopatikana haikufika upana wa mtoto. Aliyekuwa pembeni yake alimtazama, akaguna, naye akaanza kukunja wake.